SOMO: Kupanda na kukata salvia za kudumu (soma kabla hujauliza kama imekufa)

Wakuu, salaam.

Nauandika uzi huu ili siku nyingine niwe naubandika tu. Kila msimu maswali ni yaleyale: "Salvia yangu imekufa, nifanyeje?" Swali hilo halijibiki mpaka tujue una salvia ipi. Salvia ni jenasi, yaani ukoo wa mimea, yenye karibu spishi (aina) 1,000, na namna ya kuitunza moja ndiyo namna ya kuiua nyingine. Watu husingizia baridi, lakini mara nyingi muuaji ni maji yaliyotuama mizizini au mkasi ulioingia wakati si wake.

Hatua ya 1: Ijue uliyo nayo

Kwa mahitaji ya bustani, zigawe makundi matatu.

Kundi la kwanza ni za majani laini. Hizi hufa juu kila baridi na kuchipua upya kutoka kwenye shina lililo usawa wa udongo. Humo wamo Salvia nemorosa na ndugu zake: 'Caradonna' yenye mashina meusi-zambarau, 'Ostfriesland', 'Mainacht'. Ndizo sugu kuliko zote. Nemorosa huvumilia baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Kundi la pili ni za kichaka: Salvia greggii, Salvia microphylla, na machotara yao kama 'Hot Lips'. Matawi yao hukomaa yakawa mti mgumu. Baridi wanaivumilia kwa kiasi, nyingi hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, mradi mizizi isilale majini. Sage ya jikoni, Salvia officinalis, nayo ina matawi ya mti, kwa hiyo kwenye kukata ihesabu humu.

Kundi la tatu ni zile ndefu kama Salvia guaranitica, zenye mizizi iliyonenepa chini ya udongo. Barafu ikipiga, juu hakibaki kitu.

Ile nyekundu fupi inayouzwa kwenye trei, Salvia splendens, sehemu za baridi hulimwa kwa msimu mmoja tu. Usiisubiri irudi.

Hatua ya 2: Jua

Saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini inarefuka, inalala, maua haba.

Hatua ya 3: Udongo

Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakishuka sentimita mbili au zaidi kwa saa, panda. Yasiposhuka, tatizo lako ni udongo wa mfinyanzi, na dawa yake siyo kumwaga mchanga ndani ya shimo. Ukifanya hivyo maji ya eneo lote yanakimbilia pale penye mchanga na hayana pa kutokea: umemchimbia mmea kisima. Changanya mboji kwenye tuta zima, kisha inua tuta sentimita 15 hadi 20 juu ya usawa wa kawaida.

Hatua ya 4: Kupanda

Shina liwe usawa uleule liliokuwa nao kwenye chungu. Nemorosa sentimita 40 kati ya mche na mche; za kichaka zipe mita moja hivi.

Hatua ya 5: Maji na mbolea

Mwaka wa kwanza mwagilia udongo ukikauka. Baada ya hapo mmea unajitegemea, isipokuwa ukame mrefu. Mbolea ni mboji kidogo mwanzo wa msimu. Ukiweka urea utapata majani manene na mashina yanayolala chali.

Hatua ya 6: Kukata

Hapa soma polepole.

Kundi la kwanza halina makuu. Wimbi la kwanza la maua likififia, pekua chini ya mmea utakuta majani mapya yamebanana juu ya udongo. Kata mashina yote ya zamani juu kidogo ya majani hayo. Najua mkono unasita, maana bado kuna maua mawili matatu juu. Kata. Ukinyofoa vichwa vilivyokauka tu, utapata maua ya kudokoadokoa. Ukikata yote, wimbi la pili linakuja baada ya wiki nne hadi sita. Mashina ya mwisho wa mwaka unaweza kuyaondoa vuli, yaani kabla baridi haijaingia, au kuyaacha hadi majira ya machipuko, hiari yako.

Kundi la pili ndilo linalozikwa kila mwaka.

TAHADHARI: usizikate vuli kama ulivyokata nemorosa. Mkato unaamsha machipukizi laini, barafu inayachoma, na matawi ambayo yangekinga sehemu ya chini umeshayatupa. Vuli punguza ncha ndefu zinazoyumbishwa na upepo, basi. Kazi yenyewe ni majira ya machipuko, barafu kali ikishapita na vichipukizi vikianza kuvimba. Shuka na tawi kwa macho kutoka juu, tafuta jozi ya chini kabisa ya vichipukizi vyenye afya, kata juu yake.

TAHADHARI NYINGINE: usipite hapo ukaingia kwenye mti wa zamani usio na jani wala kichipukizi. Sehemu hiyo mara nyingi haichipui tena. Wengi wanataka "kuifufua" salvia iliyozeeka kwa kuikata hadi kisiki, wanabaki na kisiki. Ikiwa imeachwa miaka mingi na chini ni fito tupu, chukua vipandikizi kwanza, halafu ndipo ujaribu.

Na jua likiwaka siku mbili katikati ya baridi, mkasi ubaki ndani.

Kundi la tatu: mashina yaliyokufa yaache yasimame, rundika matandazo makavu juu ya mizizi, kata mashina hayo majira ya machipuko. Hizi huchelewa kuamka kuliko wenzao. Usiing'oe kabla majira ya joto hayajaingia.

Hatua ya 7: Kuzidisha

Nemorosa gawa majira ya machipuko, kila baada ya miaka mitatu au minne, katikati ikianza kuwa tupu. Za kichaka hazigawanyiki. Chukua vipandikizi vya sentimita 8 hadi 10 visivyo na maua mwishoni mwa majira ya joto, viweke kwenye udongo mwepesi.

Maswali karibuni. Yawe yamesoma kwanza.

---

Pakacha: Mkuu, salvia yangu imekauka yote, nifanyeje?

Mwenye uzi: Hatua ya 1. Ni kundi lipi?

Pakacha: Jina sijui. Maua yake zambarau.

Mwenye uzi: Zambarau zipo kwenye makundi yote matatu. Kwangua gome la tawi kwa ukucha, anzia juu ushuke. Ukikuta kijani, lipo hai kuanzia hapo kwenda chini. Usipokuta kijani popote, fukua kidogo uangalie shina kwenye udongo. Likiwa gumu, subiri. Likiwa limeoza, rudi hatua ya 3.

Baba Tuta: Unatisha watu bure. Mimi nakata zangu vuli kila mwaka, chini kabisa, na zinarudi.

Mwenye uzi: Zipi?

Baba Tuta: Caradonna.

Mwenye uzi: Hiyo ni kundi la kwanza, na nimeandika vuli ni hiari yako. Tahadhari ni za kundi la pili. Hatuna ubishi hapa, mkuu, una haraka tu.

Nyuki wa Jirani: Asante kwa darasa. Swali la pembeni: nimekaa naangalia nyuki kwenye salvia. Akiingiza kichwa, kuna kitu kinashuka kutoka juu ya ua na kumgonga mgongoni. Macho yangu au kweli?

Mwenye uzi: Kweli kabisa, na umenifurahisha. Ua la salvia lina stameni (viungo vya kiume) mbili zinazofanya kazi, kila moja imeegemea kibawaba. Mkono mmoja umeziba njia ya kwenda kwenye nekta, mkono mwingine umebeba chavua juu, umejificha kwenye kofia ya ua. Nyuki akisukuma ule wa chini, wa juu unashuka na kumpaka chavua mgongoni. Akienda kwenye ua lililokomaa zaidi, stigma, yaani ncha ya kiungo cha kike, imeshainama chini na inaipokea chavua pale pale mgongoni. Mjerumani Christian Konrad Sprengel alishaueleza utaratibu huu mwaka 1793. Chukua kijiti chembamba, kiingize taratibu kama ulimi wa nyuki, utaona mwenyewe. Watoto wanaupenda sana mchezo huu.

Nyuki wa Jirani: Nimejaribu na ncha ya jani. Imenigonga kidole! Nimemaliza maua sita.

Mama Vyungu: Nilivuna mbegu za Caradonna nikasia. Zimetoka, lakini nyingine mashina ni ya kijani na fupi. Nilipewa mbegu mbovu?

Mwenye uzi: Mbegu ni nzima, dada. Aina yenye jina lake haitoki sawa kwa mbegu, maana chavua imetoka popote. Ukitaka Caradonna ileile, gawa au chukua vipandikizi vya chini, yale machipukizi mapya ya mwanzo wa msimu. Ila usizing'oe hizo za mbegu. Zikichanua, bakiza zinazokupendeza. Ukisia tena, mbegu zikae juu ya udongo, usizifukie. Mwanga unazisaidia kuota.

Kizito: Hot Lips yangu ilikuwa nyeupe na nyekundu, sasa nyekundu tupu. Ugonjwa?

Mwenye uzi: Hapana. Rangi yake hubadilika na hali ya joto. Iache, zile za rangi mbili zitarudi.

Kizito: Nikiweka urea je?

Mwenye uzi: Hatua ya 5.

Rozi: Hilo la kutokata mti usio na majani, linafanana na nilichoambiwa kuhusu rozimeri. Ni bahati tu?

Mwenye uzi: Si bahati. Tangu 2017 wataalamu wameiingiza rozimeri ndani ya salvia, jina lake sasa ni Salvia rosmarinus. Sheria ileile: punguza penye majani, usiingie kwenye mti mtupu. Na kama unakula chia, hiyo nayo ni salvia, Salvia hispanica, ila ni ya msimu mmoja.

Mama Vyungu: Na mimi nichangie. Kwa kuwa kila kitu kinategemea jina, andikeni vibao kwa penseli ya kawaida. Wino wa kalamu unafutwa na jua, penseli kwenye plastiki inadumu. Kibao kingine fukia pembeni ya mche, maana cha juu kuku wanakichakura.