Somo: Kuhama programu ya uthibitishaji wa hatua mbili bila kujifungia nje

Wengi hubadilisha simu kwanza, ndipo wanaikumbuka programu ya uthibitishaji, ile inayotoa namba unayoulizwa baada ya nenosiri unapoingia kwenye akaunti. Kufikia hapo simu ya zamani imeshafutwa na kuuzwa, na barua pepe inadai namba ambayo haipo tena popote. Kazi hii ifanye simu zote mbili zikiwa mkononi, zina chaji.

Kwanza ujue unahamisha nini. Ile namba ya tarakimu 6 huzaliwa upya kila sekunde 30, haina maana kuinakili. Inatokana na vitu viwili: saa ya simu, na mbegu, yaani mfuatano wa siri wa herufi na tarakimu, iliyokuwa ndani ya QR uliyoskani siku ya kwanza. Tovuti nayo inayo mbegu hiyo hiyo, kila upande unapiga hesabu yake, ndiyo maana namba hutoka hata simu ikiwa haina bando. Utaratibu huu ni TOTP, yaani namba ya mara moja inayotegemea saa, uliochapishwa mwaka 2011, na programu karibu zote zinaufuata. Kuhama maana yake ni kuhamisha mbegu. Na aliyeipiga picha QR yako ana namba zako mpaka siku utakayoibadilisha mbegu hiyo.

Kuchagua

Swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote: je, utaniruhusu kuondoka na mbegu zangu? Authy hairuhusu. Haina njia ya kutoa mbegu, imefungamana na namba ya simu, na programu yake ya kompyuta ilifungwa Machi 2024. Google Authenticator inaruhusu kwa njia ya QR. Tangu Aprili 2023 inaweza pia kuhifadhi mbegu kwenye akaunti yako ya Google. Ni rahisi, lakini anayeiteka akaunti hiyo anakuta na funguo za nyingine zote.

Mwenye Android tu, ninampendekezea Aegis: ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuukagua, na bakapu yake ni faili lililofungwa kwa nenosiri. Kwenye iPhone haipo. Anayechanganya Android na iPhone achukue 2FAS au Ente Auth.

Kutoka Google Authenticator kwenda Aegis

Hatua ya 1. Ingia kwenye kila akaunti muhimu, uchukue namba zake za akiba, zile za kuingilia pale programu inapokosekana. Google hutoa 10 zenye tarakimu 8, GitHub hutoa 16. Kila moja hutumika mara moja tu, na ukitengeneza seti mpya ile ya zamani inakufa. Ziandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani. Wanaoruka hatua hii ndio wanaokwama baadaye.

Hatua ya 2. Weka Aegis kwenye simu mpya na uiwekee nenosiri. Ukiwasha alama ya kidole, usilisahau nenosiri lenyewe: bila hilo, bakapu haifunguki na hakuna ofisi ya kupiga simu.

Hatua ya 3. Kwenye simu ya zamani fungua menyu ya Google Authenticator, ingia sehemu ya kuhamisha akaunti, kisha chagua kutoa. Teua akaunti zako. Zikiwa nyingi zitagawanywa kwenye QR kadhaa, kwa hiyo usiondoke baada ya ya kwanza. Ziskani zote kwa Aegis. Kwenye Android skrini hii haikubali kupigwa picha ndani ya simu hiyo hiyo, na ni kwa usalama wako. Mwenye simu moja tu asiazime simu ya jirani; asajili kila akaunti upya, kama nitakavyoeleza kwa Authy.

Hatua ya 4. Weka simu mbili kando kwa kando. Kila akaunti lazima ionyeshe namba ileile pande zote kwa wakati mmoja. Kisha jaribu kuingia kweli kwa namba ya Aegis, angalau kwenye barua pepe, maana hiyo ndiyo inayorudisha akaunti nyingine.

Hatua ya 5. Toa bakapu ya Aegis ikiwa imefungwa kwa nenosiri, uihamishie kompyuta au flashi. Faili lisilofungwa lina mbegu zako waziwazi. Usilitume WhatsApp hata kwako mwenyewe.

Hatua ya 6. Programu ikikuuliza kama ifute akaunti ulizotoa, kataa. Subiri wiki moja au mbili, kisha futa.

Anayetoka Authy hana hatua ya 3. Ataingia kwenye mipangilio ya usalama ya kila tovuti, achague kubadilisha programu ya uthibitishaji, askani QR mpya, athibitishe, ndipo aende inayofuata. Mbegu mpya ikithibitishwa, kwa kawaida ya zamani haifanyi kazi tena. Akaunti 20 ni kazi ya jioni nzima, na inalipa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimehamisha vizuri lakini kila tovuti inakataa namba. Mbegu imeharibika?

Jibu: Zikikataa zote kwa pamoja, tatizo ni saa. Seva nyingi huvumilia nusu dakika hivi mbele au nyuma. Kosa linalojirudia ni simu iliyobaki na majira ya nchi nyingine, mwenyewe akaisogeza saa kwa mkono ili ilingane na ya Dar es Salaam. Usoni inaonekana sawa, ila ndani hesabu ya saa ya dunia imepotoka kwa saa nzima. Washa saa ya mtandao, na majira yawe GMT+3.

Swali: Ndugu, simu imeibwa na bakapu sina. Nianzie wapi?

Jibu: Namba za akiba kwanza. Kama huna, tafuta kifaa ambacho bado kimeingia kwenye akaunti, kompyuta ya kazini kwa mfano, na usitoke humo. Jaribu kusajili programu mpya ukiwa ndani. Ukishaingia, badilisha mbegu za akaunti zote, kwa sababu za zamani ziko kwenye simu iliyoibwa.

Swali: Nitumie ujumbe wa simu tu, si inatosha?

Jibu: Ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini mtu akifanikiwa kuirudisha laini yako kwa jina lako, ujumbe unaingia kwake. Mbegu haiko kwenye laini.

Swali: Akaunti ya kazini kwenye Microsoft Authenticator inaniletea kitufe cha kukubali, si namba. Nitaihamishaje?

Jibu: Kibali hicho kimefungwa kwenye kifaa chenyewe. Kisajili upya kwenye simu mpya ukiwa bado na ya zamani. Ukiwa umeshaipoteza, mwone mtu wa TEHAMA kazini kwako. Na bakapu ya Android haifunguki kwenye iPhone.

Swali: Dada, na ile PIN ya WhatsApp naiweka wapi kwenye Aegis?

Jibu: Haiingii huko. Ni tarakimu 6 ulizochagua mwenyewe, hazibadiliki wala hazina mbegu. Ongeza anwani ya barua pepe kwenye mipangilio hiyo ya WhatsApp, ili ukiisahau uweze kuiweka upya.