Somo: Kuondoa oksijeni kwenye unga wa fedha, tangu kloridi hadi mkuo

Naulizwa mara kwa mara kwa nini mkuo wa fedha, yaani kipande kilichomiminwa kwenye kalibu, hutoka na vishimo na vipele ilhali unga wake ulikuwa safi. Oksijeni huondolewa mara mbili, na wengi wenu mnaiondoa mara moja tu.

Hatua ya 1. Suuza kloridi ya fedha, yaani unga mweupe unaotuama ukitia chumvi kwenye fedha iliyoyeyushwa kwa tindikali ya nitriki, mpaka maji yatoke bila rangi, wala usiiache ikauke.

Hatua ya 2. Vaa miwani na glavu. Tia kostiki (hidroksidi ya sodiamu) ndani ya maji baridi, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kisha mimina myeyusho huo kwenye kloridi huku ukikoroga. Weupe utageuka weusi, nao ni oksidi ya fedha. Ponda donge moja kwa kijiti cha kioo. Likiwa jeupe ndani, endelea kukoroga.

Hatua ya 3. Ongeza glukosi kidogo kidogo. Mchanganyiko hupata moto wenyewe na kutoa povu, kwa hiyo chombo kisizidi nusu. Glukosi huichukua oksijeni ya oksidi, na weusi hugeuka kijivu. Sugua chembe chache zilizosuuzwa kwa mgongo wa kijiko. Zikimeremeta, umepata fedha.

Hatua ya 4. Suuza mpaka karatasi ya litmasi, inayopima alkali, isibadilike rangi, chuja, kausha kabisa.

Hatua ya 5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, na ikishakuwa majimaji hufyonza kutoka hewani oksijeni inayofikia takribani mara 20 ya ujazo wake. Inapoganda haiwezi tena kuishika, huitema kwa nguvu, na matone ya moto yanaweza kukurukia usoni. Usafi wa unga haukukingi, kwa sababu oksijeni hii haikutoka kwenye unga. Kwa hiyo ifunike fedha kwa vipande vya mkaa mkavu tangu inapoanza kulainika, punguza oksijeni ya bomba la moto unaloyeyushia mpaka moto uwe laini, usizidishe joto, na unapomimina elekeza moto huo kwenye fedha inayotiririka mpaka kalibu ijae. Kalibu ipashwe moto kwanza: unyevu mdogo chini ya fedha iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha. Fanya kazi penye hewa ya kutosha, maana mkaa hutoa monoksidi ya kaboni.

MASWALI

Swali: Nimekosa kostiki. Nitumie amonia?
Jibu: Hapana. Oksidi ya fedha ikikutana na amonia huweza kuzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Sikuitaja amonia popote, na usiilete kwenye kazi hii.

Swali: Mimi huweka boraksi nyingi, mkaa wa nini tena?
Jibu: Boraksi hubeba uchafu, haiondoi oksijeni. Rudia hatua ya 5.

Swali: Shikamoo fundi. Mbona fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha katika 1000, nyingine kwa kawaida shaba) haitemi sana, lakini ikipigwa msasa huonyesha madoa mekundu?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Shaba iliyomo huikamata oksijeni kabla haijatemwa, ikawa oksidi nyekundu iliyonaswa ndani. Mkaa husaidia huko pia, na kwa 925 baadhi ya mafundi huongeza chembe ya shaba yenye fosforasi kabla ya kumimina. Usiitie kwenye fedha tupu, kwani utaichafua kwa shaba uliyohangaika kuiondoa.

Swali: Maji ya kusuuzia nimwage?
Jibu: Yakusanye kwanza. Yale yenye tindikali ya nitriki yatie chumvi ya mezani. Yakiwa meupe kama maziwa, bado yana fedha, nayo itatuama ikiachwa usiku kucha.