Namna ya Kusoma Riwaya za Watoto Pamoja na Mwanao

Mzazi anayemnunulia mwanawe riwaya kisha akamwachia aisome peke yake amefanya nusu ya kazi, kwa sababu mtoto wa miaka tisa au kumi, hata akiwa msomaji hodari, huhitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu aliyoyasoma, na mtu huyo hatakuwa na la kusema ikiwa hajakisoma kitabu chenyewe. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kusoma kitabu kilekile, sura kwa sura, kwa mwendo mmoja na mtoto.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali pa kuanzia ni maduka ya vitabu ya Mtaa wa Samora, au Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967 na ambayo ina sehemu ya watoto. Anayetaka kazi mpya afuatilie pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo imekwisha kuingiza hadithi za watoto katika nyanja zake. Ukiwa dukani, tazama ukurasa wa hakimiliki uone mwaka wa toleo la kwanza, maana jalada jipya laweza kuwa limevishwa hadithi ya miaka mingi. Hadithi za zamani zina thamani yake, lakini mtoto anayepanda basi la mwendokasi kwenda shule hufurahi sana kukutana na mhusika anayeishi mjini kama yeye.

Kabla ya kulipa, mpe mtoto ukurasa mmoja wa katikati ausome kwa sauti palepale. Akikwama kila mstari, kitabu hicho bado ni kigumu kwake. Akianza kuuliza huyu ni nani na kwa nini anakimbia, kinunue.

Nyumbani, robo saa baada ya chakula cha usiku inatosha. Someni kwa kupokezana, mzazi akichukua masimulizi na mtoto maneno ya wahusika, kisha kesho yake mbadilishane, kwa kuwa ni katika mazungumzo ya wahusika ndipo mtoto anapojifunza mahali pa kupumua, pa kupandisha sauti na pa kunyamaza. Usimkatize kwa kila neno asilolijua. Litie alama ya penseli pembeni, na sura ikiisha fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu pamoja. Mtoto anayesoma shule inayofundisha kwa Kiingereza huenda akasoma Kiswahili polepole mwanzoni, na huyo asomewe zaidi ya anavyosoma mpaka azoee.

Linaloharibu usomaji huu kuliko jambo lolote ni maswali ya mtihani. Tuseme katika sura mliyoimaliza mvulana ameficha barua ya mwalimu mkuu chini ya godoro ili mama yake asiione. Ukimuuliza mtoto, "Umejifunza nini?", atakujibu kwamba uongo ni mbaya, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Muulize badala yake, "Wewe ungeificha wapi?" Hapo atafikiri, atataja mfuko wa sare au nyuma ya kabati, ataeleza kwa nini mama angeigundua, na pengine atakuuliza kama nawe uliwahi kumficha bibi yake jambo. Mjibu kwa ukweli. Mtoto anayeona mzazi wake naye anaguswa na hadithi huamini kwamba kusoma si adhabu ya wanafunzi.

Kitabu mkikimaliza, mwache amwazimishe binamu au jirani, mradi kwanza amsimulie mwanzo wake bila kufichua mwisho. Kazi hiyo ndogo humlazimu apange matukio vizuri kichwani. Na ikiwa mmefika sura ya tatu na bado haimvuti, msimlazimishe. Muulize nini kimemchosha, kisha jibu lake lichukueni mkienda kuchagua kingine.