Mboga Kwenye Mitungi Mibovu: Onja Maji Kwanza

Kabla hujatafuta ndoo wala mbegu, chota maji ya kisima chako uyaonje. Yakiwa na munyu wa mbali, mchicha na spinachi vitavumilia. Yakiwa makali, kama yalivyo ya visima kadhaa hapa Lamu, maharagwe na karoti usijisumbue navyo.

Mimi nilianza kwa kujaza ndoo sita mchanga wa ufuoni, kwa kuwa ni wa bure. Mchicha ukaota vizuri tu. Siku ya kumi ncha za majani zikaungua, na juu ya mchanga pakafanya unga mweupe. Ile ni chumvi. Hata makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, usiyatie, yameshanywa maji ya bahari.

Chombo si tatizo. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20 uliotoboka, ulaze ubavu, ukate dirisha upande wa juu, kisha utoboe chini matundu sita hadi manane kwa msumari uliopashwa moto. Gunia la mchele nalo lafaa. Kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu, kiache.

Kwenye mbolea ndipo tulipobahatika: punda wamejaa vichochoroni. Ila samadi mbichi huunguza mizizi. Irundike pembeni, inyunyizie maji, ifunike, uigeuze kila wiki. Baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi, haina harufu, inamomonyoka mkononi. Hapo changanya karai mbili za udongo wa shambani kwa moja ya samadi.

Anayepanda juu ya nyumba ya mawe ya zamani asikie hili: ndoo ya lita 20 iliyolowa hufika kilo 30 hivi, na sakafu ile imebebwa na boriti za mikoko. Zipange kando ya ukuta, si katikati. Ukuta huohuo utazikinga na upepo wa kusi.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganye na kiganja cha udongo mkavu ndipo uzinyunyize, la sivyo zitaota rundo moja. Wiki tatu au nne unachuma. Sukuma wiki, mche mmoja kwa ndoo. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, hayana hata gharama ya mbegu: omba kwa jirani kipande cha shina chenye urefu wa shibiri mbili, fukia nusu yake.

Wakati wa kaskazi mwagilia asubuhi na jioni. Maji ya kuoshea mchele usiyamwage, na ukitia udhu weka beseni chini, maadamu hakuna sabuni. Masika ikifika, viache vyombo vinyeshewe mpaka maji yachuruzike kwenye matundu. Mvua ndiyo inayoosha ile chumvi iliyojikusanya.

Vidukari wakijaa chini ya majani, ponda majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, kisha unyunyize jioni jua likishapoa.

Na kama unapanda mlangoni, viinue vyombo juu ya matofali au uviwekee wigo. Punda aliyekupa samadi ndiye huyohuyo atakayepita alfajiri kuila sukuma yako.