Somo: Kuhakiki Filamu ya Kutisha Iliyotokana na Riwaya Pendwa

Ndugu wanachama wa Lamu,

Wengi wetu, tukishatazama filamu iliyotokana na riwaya tuliyoipenda, huanza kuhesabu yaliyoachwa. Hesabu hiyo haina faida, kwani riwaya nene haiingii yote katika filamu moja. La kuuliza ni kama mwongozaji amepata njia ya kutisha kwa picha na sauti pale ambapo mwandishi alitisha kwa maneno.

Hatua ya kwanza. Soma riwaya, kisha uandike kwa sentensi moja hofu yake inatoka wapi. Katika The Shining ya Stephen King (1977), inatoka kwa baba aliyeacha ulevi, anayempenda mwanawe, ambaye hoteli iliyozingirwa na theluji inamla taratibu.

Hatua ya pili. Itazame filamu mara mbili, ya pili ukiwa na daftari, na masikio yafanye kazi kuliko macho. Katika filamu ambayo mwongozaji Stanley Kubrick aliitoa kwa riwaya hiyo (1980), mtoto anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu katika ushoroba wa hoteli, kamera ikimfuata chini chini: magurudumu yakipita juu ya mbao yananguruma, yakipanda zulia yananyamaza, kisha yananguruma tena. Hakuna kinachotokea bado, lakini mtazamaji keshaanza kuogopa kila kona. (Anayetazama kwa simu pale gatini, boti za injini zikipita, asituletee uhakiki.)

Hatua ya tatu. Chagua badiliko moja kubwa ulipime. Riwayani boila, mtambo wa kupasha hoteli joto, inalipuka na hoteli inateketea, lakini kabla ya hapo baba anarudiwa na utu wake kwa kitambo na kumwambia mwanawe akimbie. Katika filamu, baba anaganda kwa baridi bila toba yoyote. Kwa maoni yangu filamu imepata ukatili na kupoteza huzuni, hasa kwa kuwa uso wa Jack Nicholson, anayemwigiza baba, una dalili za wazimu tangu mwanzo, hata hatumwoni mtu mwema akipotea.

Hatua ya nne. Toa hukumu, na uitetee kwa tukio ulilolitaja.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, King mwenyewe hakuipenda filamu hiyo. Sisi ni nani tuisifu?

Mwandishi ni shahidi wa alichokikusudia. Kilichomo kwenye skrini tunakipima sote. Mwaka 1997 ilitoka tamthilia ya televisheni aliyoiandika King mwenyewe, iliyokifuata kitabu kwa karibu zaidi. Vichaka vyenye maumbo ya wanyama, vinavyotetemesha kitabuni, mle vinakaribia kuchekesha.

Je, hadithi zetu za majini zikifanywa filamu, vigezo ni hivi hivi?

Ni hivi hivi, ila kwa mtazamaji anayeamini kuwa majini wapo, kinyago cha mpira kinaharibu kila kitu. Kwato zikionekana mara moja tu chini ya buibui zinamtosha.

Sijasoma riwaya. Nisihakiki?

Hakiki filamu, lakini usiseme kuwa imekiharibu kitabu.