Kabla ya kutuma maombi ya chuo Marekani, tanguliza yaliyo mikononi mwa wengine

Wanafunzi wengi wanaotaka kusoma shahada ya kwanza Marekani huanza na insha. Wanaiandika, wanaifuta, wanaiandika tena, na Oktoba inapita. Insha ni muhimu, lakini hiyo unaweza kuimalizia hata usiku wa manane. Barua ya mwalimu huwezi kujiandikia, wala matokeo yako huwezi kuyapiga muhuri mwenyewe. Anza na hayo.

Vyuo vyenye ushindani mkubwa kwa kawaida huomba barua moja au mbili za walimu, pamoja na ripoti ya shule. Mwombe mwalimu anayekujua, hata kama hana cheo. Mwalimu wa kemia aliyekuona ukirudia jaribio mpaka likakubali ana la kusimulia. Mkuu wa shule anayekuona gwarideni tu ataandika kwamba una nidhamu, na nidhamu wameandikiwa wote. Mfuate ana kwa ana, wiki sita hivi kabla ya tarehe ya mwisho, ukiwa na karatasi yenye majina ya vyuo, tarehe zake, unachotaka kusoma na mambo mawili matatu uliyoyafanya darasani kwake. Barua ataipakia mwenyewe kupitia kiungo kitakachotumwa kwenye barua pepe yake, kwa hiyo mwulize ni anwani ipi anayoifungua kweli.

Suala la pesa nalo lizungumzwe nyumbani mapema. FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa kulipia masomo, ni ya raia wake na baadhi ya wakazi wa huko. Mwanafunzi wa nje mara nyingi hujaza CSS Profile, fomu ya msaada ya shirika la College Board, au fomu ya chuo chenyewe, na humo huulizwa mapato ya wazazi, mali na madeni. Si kila mzazi yuko tayari kumwonyesha mtoto hati yake ya mshahara, na mwenye biashara isiyo na hesabu zilizoandikwa atahitaji muda kukadiria kwa haki. Soma pia sera ya kila chuo. Harvard, Yale, Princeton na MIT haziangalii uwezo wa kulipa zinapoamua kumpokea mwanafunzi, awe wa ndani au wa nje. Vyuo vingi vingine huuangalia kwa wanafunzi wa nje. Ada ya maombi ikikulemea, omba usamehewe bila kuona haya.

Kuhusu Early Decision, yaani maombi ya mapema kwa chuo kimoja, nakusihi usikimbilie. Maombi hayo, ambayo mara nyingi hufungwa mwanzoni au katikati ya Novemba, yanakufunga: ukikubaliwa, unaahidi kwenda na kuondoa maombi yako kwingine. Msaada wa fedha usipokutosha unaweza kuomba kuachiliwa, lakini unakuwa umekosa nafasi ya kulinganisha vyuo viwili au vitatu. Familia inayotegemea ufadhili ina nafuu zaidi kwenye Early Action, maombi mengine ya mapema ambayo hayakufungi.

SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo, si lazima kila mahali, ila MIT na Harvard zimerudisha sharti hilo. Vituo hujaa, kwa hiyo jiandikishe mapema, na jina lako lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi.

Common App, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi kwa vyuo vingi kwa fomu moja, hufunguliwa tarehe 1 Agosti na huruhusu vyuo visivyozidi 20. MIT na University of California zina mifumo yao. Insha kuu isizidi maneno 650. Sehemu ya shughuli ina nafasi 10, na kila maelezo yana herufi 150 tu, kwa hiyo usiandike "nilikuwa mwanachama hai wa klabu ya mazingira". Andika ulichokifanya: "nilipanga zamu za kumwagilia miche, nikafundisha kidato cha kwanza kutengeneza mboji". Kazi za nyumbani, kama kulea wadogo zako au kusaidia dukani, nazo zinahesabika. Usiziache.

Ukishatuma, vyuo vingi hukupa akaunti ya kufuatilia. Ifungue kila wiki, pamoja na folda ya barua taka, mpaka kila hati ionyeshe kwamba imepokelewa.