Somo: Kuchoma CD ya nyimbo ikakubali kupiga kwenye redio

Kwaya moja hapa Igoma ilichoma CD 30 za kupeleka Ukerewe. Kwenye kompyuta zote zilipiga vizuri, lakini zilipovuka ziwa na kuwafikia wazee waliozisubiri, redio zao hazikusoma hata moja. CD hazikuwa mbovu. Aliyezichoma alikuwa ameweka MP3 (faili za sauti iliyobanwa) kama data, na redio nyingi za zamani husoma CD ya muziki peke yake. Katika kazi zinazoletwa kwangu, kosa hili ndilo ninalokutana nalo zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

Hatua ya 1. Katika programu ya kuchomea chagua CD ya muziki, si CD ya data. Programu itafumua kila MP3 na kuiandika upya kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, stereo, bila kubana sauti, na ndiyo maana dakika moja iliyokuwa na MB 1 hivi hufikia MB 10. Hesabu dakika, usihesabu MB: CD ya MB 700 hubeba dakika 80 tu, hata kama MP3 zako zote hazifiki MB 100.

Hatua ya 2. Faili ikikataliwa, hasa sauti iliyorekodiwa WhatsApp, igeuze kwanza kuwa WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa.

Hatua ya 3. Tumia CD-R, yaani ile inayoandikwa mara moja tu. CD-RW, ile inayofutika na kuandikwa tena, huakisi mwanga hafifu, na lenzi ya redio ya zamani hushindwa kuiona.

Hatua ya 4. Punguza kasi ya kuchoma hadi 16x (mara 16 ya kasi ya kupiga CD), funga programu nyingine, na usichomee kwenye kompyuta ya mezani ikiwa haina UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi CD-R hiyo imekufa.

Ikishatoka, igeuze chini juu na uielekeze dirishani. Sehemu iliyochomwa, kuanzia katikati kwenda nje, huwa na rangi tofauti kidogo na sehemu tupu. Usipoona mpaka huo wakati nyimbo ni chache, ujue haikuandikwa kitu.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nimechagua CD ya muziki na nimetumia CD-R, lakini redio bado inagoma.

Marahaba. Huenda CD haikufungwa, yaani programu haikukamilisha kuiandika (finalize). Rudi kwenye mipangilio, uweke alama mahali pa kufunga CD baada ya kuchoma, kisha uchome CD mpya. Ikigoma tena, jaribu CD-R ya aina nyingine kabla ya kuilaumu draivu, kifaa cha kompyuta kinachochoma CD.

Mwalimu, tumerekodi ibada nzima, na kati ya wimbo na wimbo kunaingia kimya cha sekunde mbili kinachokata mapambio.

Hapo programu inachoma wimbo mmoja mmoja. Chagua kuchoma CD yote kwa mkupuo mmoja, kisha weka nafasi kati ya nyimbo iwe sekunde 0.